Unga wa Bani

...mweupe hivi, jamani, uji gani unakuwa mweupe hivi, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mgeni, hiki kimoja chenye mgongo, kikombe nimekishika kwa mikono miwili, vidole vinaungua na siwezi kukiweka chini, maana nikikiweka tu Mama Pacha atasema mbona hunywi, bibi shamba, na nitamjibu nini, nimeshiba? nimeshibia wapi, nimeondoka ofisini asubuhi na mapema, pikipiki imenitikisa saa tatu nzima, tumbo linanguruma mpaka yeye mwenyewe kalisikia, kacheka, kasema leo hutoki hapa bila kunywa uji wetu, uji ambao hatukuomba kwa mtu wala hatukununua dukani, na hayo ni maneno yangu, neno kwa neno, mimi ndiye niliyewafundisha, misimu miwili iliyopita nilisimama kwenye darasa la shule mbele ya wakulima arobaini wa tumbaku nikapayuka mpaka sauti ikakauka, ng'oeni tumbaku, pandeni mnachokula, mkulima gani ananunua unga dukani na shamba analo, wakapiga makofi, na huyu mama ndiye aliyeinuka wa kwanza akasema mimi naanza, mume wake kamvuta kanga aketi, hakuketi... laiti ningemwambia aketi, laiti ningesema ngoja kwanza mama, somo halijaisha... lakini nani, mimi? nilitabasamu kama bibi harusi. Na pale mlangoni, kwenye mkeka, kakaa Mdogo, mtoto wake wa miaka kumi na mmoja, kanyoosha miguu mbele kwa sababu haikunjiki vizuri, anachambua punje za mtama kidogo uliobaki, ananitupia macho na kucheka kwa haya, na mimi siwezi kuitazama ile miguu na siwezi kuacha kuitazama.

Nilijua tangu pale nje, huo ndio ukweli, kabla sijavua hata kofia, mtoto kaja kunipokea mkoba, anakuja kwa fimbo, magoti yanagongana, visigino havigusi ardhi, anakanyaga kwa vidole tu, shikamoo bibi shamba, marahaba mwanangu, na picha ya mtoto anayetembea hivyo niliiona chuoni, mwaka wa pili, mwalimu aliibandika ubaoni kwa gundi akasema huyu alikula muhogo mchungu usiolowekwa, wiki baada ya wiki, kipindi cha ukame, bila maharage wala chochote, siku moja akaamka miguu imekataa, na miguu hiyo, akasema mwalimu, hairudi, hakuna sindano, hakuna kidonge, sisi nyuma kule tunachora vikatuni kwenye madaftari... hairudi. Nikampa Mdogo mkoba. Nikamwachia mtoto kilema mkoba wangu aubebe, maana ningemnyang'anya wangeniuliza kwa nini, nimeanza kuvunga tangu hapo, dakika haijapita. Mama Pacha anasema kitu kuhusu mganga wa zahanati, nitikie, nitikie, eeh, anasema mganga kamgonga magoti kwa kinyundo akasema huenda ni polio, huenda ni mgongo, mpelekeni hospitali kubwa, na shemeji yake, yaani kaka wa mume wake, anasema ni tumbaku, tumbaku ina wivu, huwezi kuing'oa baada ya miaka thelathini ikakuacha hivi hivi, na tayari amejiandikisha tena kwa karani wa tumbaku, karani atapita kesho kwa wengine, eti kanitumia salamu, mwambieni bibi shamba namsubiri na yeye nimwandike. Mshenzi yule. Lakini ana haki ya kucheka, si ndiyo? mwaka mzima nikipishana naye barabarani nilikuwa nampigia honi.

Mimi tumbaku naijua, mtu asinifundishe, nimezaliwa ndani yake, nilichuma majani mabichi na umande wake nikiwa mdogo kuliko huyu, jioni natapika mpaka nyongo, mama ananifuta mdomo anasema utazoea, na nyumba yetu ilijaa majani mpaka darini, majani chini ya kitanda, majani tunalalia, na hakuna cha kutia chunguni, baba anangoja mnunuzi, mnunuzi anakuja siku anayotaka yeye, anachomoa jani moja, ananusa, analitupa chini, daraja la nne, na baba yangu, mwanaume aliyekuwa akifoka nyumba inatetemeka, baba yangu akasema asante bwana. Asante bwana! Siku ile ndipo nilipojiapiza, nikikua nitawatoa watu kwenye haya majani, nitawatoa, hata kwa kuwavuta masikio, na nimewatoa, kaya ishirini na tatu, muhogo niliuchagua mimi, ule mchungu, kwa sababu nguruwe pori hawaugusi na wezi hawauchimbi na jua haliuwezi, na kweli mwaka huu mvua imegoma, mahindi yamekufa yakiwa magotini, maharage hayakutoa hata ua, muhogo peke yake umesimama, sikukosea hapo, wallahi hapo sikukosea... hapo tu.

"Huyu Mkubwa wangu kaja juzi," anasema Mama Pacha, "shule zimefungwa, si unamkumbuka bibi shamba, alikuwa kwa bibi yake mjini," na nageuza shingo, na ndiye huyo anatoka chumbani, pacha mwenzake, wa kwanza kuzaliwa, uso ni ule ule, mwanya ni ule ule, na miguu, Mungu wangu, miguu miwili iliyonyooka inakanyaga sakafu pwaa pwaa, anaruka miguu ya ndugu yake iliyolala pale mlangoni bila hata kuangalia chini, anachota maji mtungini, anakunywa, kumbe hata nilikuwa na kakona ka kujifichia, kumbe nilikuwa nimeanza kujiambia labda ni polio kweli, labda ni damu, labda ni ukoo wao, na sasa kakona hako kamebomolewa, tumbo moja, damu moja, mmoja amekula unga wa dukani kwa bibi yake na mwingine amekula unga wa bibi shamba. Hata anayetaka kuwa mjinga hapa hawezi. Na nje Baba Pacha anagonga misumari, ko, ko, ko, tangu nimefika anagonga, nilipomsalimia alinionyesha kwa nyundo, analipanua bani, bani lile lile alilokaushia tumbaku maisha yake yote, kijumba cha udongo kisicho na dirisha, moto unawashwa nje joto linapita ndani kwa bomba, analipanua kwa sababu vijiji viwili vimetuma watu waje kujifunza, wanasema muhogo wa bani ndio habari ya mjini.

Hilo bani... nani aliyelisifia? Sema, bibi shamba, usijitie hamnazo, sema. Ni wao waliobuni, ndiyo, mtu aliyekausha tumbaku miaka thelathini ukimpa muhogo atafanya nini, ataukausha, atamenya, atakata vipande, atavipanga kwenye fito kama majani yake, atawasha moto, atakaa anauchunga na joto lake siku mbili usiku na mchana, na utatoka umekauka kau, mweupe, bila doa, kazi safi kuliko ya mtu yeyote, kosa gani hilo, ni ufundi wake, hakuna aliyemwambia kwamba muhogo ule kwanza unalala majini siku tatu mpaka ulainike na kunuka, maji ndiyo yanayotoa sumu, moto wa haraka unaifungia humo humo ndani. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Somo lilikuwa la siku ya nne ya mafunzo yale, na siku ya nne gari la ofisi likaitwa kumpeleka bosi mmoja mazishini, nikawaambia wakulima somo lililobaki ni dogo tu, nitarudi, na kwenye taarifa nikaandika masomo yote yamekamilika, kwa mwandiko wangu mzuri huu ninaosifiwa. Dogo tu! Na mama zao waliokuwa wanajua kuloweka wameshakufa, au walishaacha siku unga wa dukani ulipoanza kuja, hata kwetu ilikuwa hivyo, mama alikuwa na pipa la kulowekea muhogo nyuma ya jiko, linanuka, naogopa kupita pale, nikaomba kila siku lile pipa liondoke, na tulipoanza kununua unga likageuzwa likawa la kukalia, nikafurahi.

Halafu ile siku ya wageni. Miezi minne, ni miezi minne tu. Mkuu wa ofisi kaja na wageni watatu na mpiga picha, tumeingia banini kwa kuinama, na makopa, vile vipande vikavu vya muhogo, yamepangwa juu mpaka chini, yanang'aa, na mimi nikavuta pumzi kungoja ile harufu, harufu ya pipa la mama, huwezi kuikosea, hata muhogo ukaushwe vipi kama ulilowekwa unabaki nayo... na haikuja. Moshi kidogo, vumbi, basi. Nilisimama pale nikiwa nimevuta pumzi na harufu haikuja na nikajua haikuja, nikafungua mdomo, Baba Pacha, nataka kumuuliza, mliloweka siku ngapi, na mgeni mmoja akasema hivi kweli ni safi kiasi hiki, hauna hata harufu, na Mkuu akanigeukia akatabasamu, na yule hatabasamu, miaka sita niko chini yake sijawahi kuona meno yake, akasema bibi shamba hongera, na Mama Pacha akaeleza, namkumbuka, kashika mkono wa Mdogo, akasema zamani mwanangu huyu alikuwa anakwenda mtoni mara mbili kwa siku kuchota maji ya vitalu vya tumbaku, mto wenyewe sasa ni dimbwi, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, lakini muhogo wa bani hauhitaji maji, mtoto wangu anapumzika, na mimi, na mimi nikasema kwa sauti ya kipaza sauti, mnaona, ni ubunifu unaookoa miguu ya watoto... Nilisema hivyo. Sikumsikia mtu, ni mdomo wangu huu. Na picha imetundikwa ofisini, nimo katikati, nimeshika kopa moja juu, nimecheka mpaka magego.

"Unaungua?" Nani, mimi? "Hapana Mama Pacha, nakipoza tu." "Kipulize, kipulize," na kainama anapakulia Mkubwa, bado anaongea, hageuki, sauti yake imeshuka, nini? sijasikia, anasema ilikuwa wiki moja kabla, wiki moja kabla ya miguu, mtoto kaanza kukataa uji, anasema mchungu, anasema kichwa kinamuuma akinywa, mimi nikaona huyu anadeka, tuna bahati ya kuwa na chakula wenzetu hawana, nikamkamata nikamchapa, bibi shamba, nilimchapa kwa ufito, hapa, na anajigusa nyuma ya magoti, hapa kwenye miguu, akanywa, kila siku akawa anakunywa, halafu asubuhi ile akasema mama siwezi kusimama, na tangu hapo najiuliza, unajua mkono wa mzazi una mambo yake, najiuliza ni mkono wangu ule... sijamwambia baba yao... nakwambia wewe kwa sababu wewe umesoma. Yaa Rabi. Nimesoma. Amekaa na hilo mwezi mzima, anakoroga chungu na hilo, analala nalo, na mimi nina neno moja tu la kumtoa hapo, si mkono wako, si ufito, na neno hilo hilo likimtoa linampeleka pabaya zaidi, maana ni kikombe, Mama Pacha, ni kile kikombe ulichomlazimisha, mtoto alikwambia kweli, alikuwa anakwambia kweli, na wewe ukaniamini mimi ukamchapa yeye. Nani anaweza kumwambia mama hivyo? Nani ana roho hiyo? Bora anywe lawama za ufito, bora...

Ngoja, ngoja, tulia, wewe si mtu wa kukosa maneno, ipo njia, kuna njia nyepesi, nitasema yametoka maelekezo mapya, ndiyo, kutoka juu, kwamba kuanzia sasa muhogo ulowekwe siku tatu kabla ya kuingia banini, kwa nini? kwa sababu unga unakuwa laini zaidi, unavutia, basi, wataloweka, sumu itatoka, hakuna mtoto mwingine atakayeanguka, hakuna atakayeng'oa muhogo kurudia tumbaku, karani atapita na daftari lake tupu, mama abaki na polio yake, mimi nibaki na ukuta wangu wa picha, na kesho nitapita kaya zote ishirini na tatu nikisema laini, laini, laini... vizuri, hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili, anza, sema, Mama Pacha, kuna maelekezo mapya. Sema basi. Baba Pacha atatoka huko na nyundo yake, atasikiliza kwa adabu, yule mzee mpole, kisha atauliza, maji ya kuloweka yatoke wapi, bibi shamba? Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, dimbwi lenyewe watu wanagombania, madumu mangapi kwa muhogo wa siku tatu, na aliyekuwa anachota hatembei. Kwa ajili ya ulaini? Wataitikia, sawa bibi shamba, tumekusikia bibi shamba, kwa adabu ile ile baba aliyomwitikia mnunuzi, na pikipiki yangu ikipinda pale kona wataingiza muhogo banini bila kuuloweka, na nani wa kuwalaumu, mimi mwenyewe nisingebeba hata ndoo moja, nani anabeba maji saa mbili nzima kwa jua hili ili uji uwe laini? Hakuna. Mtu atabeba maji hayo akijua kwamba asipobeba mtoto wake atakaa mlangoni na miguu mbele. Akijua tu. Akiogopa kama ninavyoogopa mimi hapa. Uongo wangu hautabeba hata kibuyu... na lile la kusema sikujua, kwamba utaalamu umebadilika, kwamba hata sisi tumejifunza jana, nalo halibebi, watauliza kama ulikuwa hujui jana kesho utakuwa unajua nini, na watakuwa na haki, lazima niseme nilijua, lazima waseme huyu alijua, alivuta pumzi akajua akanyamaza kwa ajili ya tabasamu la mtu, ndipo watakapoelewa kwamba hii kitu inajulikana, si wivu wa tumbaku, si mkono wa mama, inajulikana tangu enzi za pipa la mama yangu, na dawa yake ni maji na siku tatu. Na kisha wafanye watakavyo. Waniteme. Warudi kwa karani wakitaka, ishirini na tatu wote, na mimi nihesabiwe kuwa niliwang'oa kwenye majani nikawarudisha na vilema... ee Mungu, na pengine watarudi kweli, na watoto watatapika tena kwa ule umande wa majani, na baba wa mtu aseme asante bwana. Sina cha kuwazuia. Nilikuwa na imani yao tu, na hiyo ndiyo ninayoiweka mezani sasa hivi, kwa sababu hakuna kitu kingine humu ndani kinachoweza kwenda mtoni.

Nje misumari imenyamaza, labda anatafuta mwingine, Mdogo pale mkekani anaimba kitu chini chini anachambua, kikombe changu hakijapungua hata tone, utando umeanza kujikunja juu, ni dakika ngapi, kumi? mkono haujasogea, goti halijasogea, mtu akichungulia dirishani ataona mgeni na wenyeji wake wanakunywa uji, na Mkubwa kakaa kwenye kigoda, mama yake kampa kikombe chake, cha bati, kimejaa mpaka ukingoni, siku yake ya pili tu nyumbani, likizo ni wiki ngapi, wiki nne? wiki sita? inatosha, ile sumu haihitaji zaidi, anakipuliza, anakiinua, mama yake anamtazama kwa jicho la kusema kunywa, usinianze, na mimi nina sentensi nyingi sana, kuhusu usindikaji, kuhusu changamoto, kuhusu Mama Pacha naomba tuzungumze pembeni, zimepanga foleni kooni kama watu wa zahanati na hakuna hata moja inayofaa, na kinachotoka, kwa sauti ambayo hata mimi siijui, ya ukali, ya kumkemea mtoto wa watu nyumbani kwao, ni, "Weka chini hicho kikombe." Mkubwa kagutuka. Kakiteremsha mpaka magotini, hajakiweka, kamtazama mama yake. Na Mama Pacha anacheka, anasema unaona, unaona bibi shamba anavyokuonea huruma, uji bado wa moto huo, subiri upoe, na ananigeukia na uso wake wote, mwiko mkononi, anangoja nicheke naye.